Ng'ombe wa Maziwa Azeekee Bandani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Ng'ombe ameumbwa aishi miaka 20 na kuvuka. Big Bertha wa Ireland aliishi 48, akazaa ndama 39, akafa siku ya mwisho ya mwaka 1993. Lakini katika mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani ng'ombe wengi wa maziwa huondolewa kundini baada ya uzao wa tatu hivi, wakiwa na miaka mitano au sita. Kwetu sisi wafugaji wadogo, kuanzia Rungwe mpaka Hai, Muheza mpaka Kiambu, wapo wengi wasiofika hata hapo. Mmoja kafa kwa ndigana akiwa na mimba ya kwanza, mwingine kateleza kwenye saruji akavunjika nyonga, wa tatu kapelekwa buchani kwa kuwa hashiki mimba.

Hesabu yake inauma. Mtamba hula miaka miwili na nusu au mitatu bila kutoa hata kikombe cha maziwa. Gharama ya kumlea kwa kawaida hairudi mpaka uzao wa pili unaelekea kwisha, na kwa anayenunua majani huenda mpaka wa tatu. Tena uzao wa kwanza ndio wenye maziwa machache. Ng'ombe hufika kileleni kati ya uzao wa tatu na wa tano. Anayempoteza baada ya uzao wa pili amelisha mnyama kwa miaka mitano, akaachana naye faida ilipoanza kuingia. Halafu kuna suala la kizazi. Nusu ya ndama ni madume, kwa hiyo ng'ombe aliyezaa mara mbili ameacha, kwa wastani, jike mmoja, na jike huyo bado ana kuhara, nimonia na ndigana mbele yake. Waliopitia mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe wanalijua hili vizuri: mama akifa kabla ya kuzaa jike, nyumba mbili zimekosa, ya aliyepewa na ya jirani anayengoja zamu yake.

Nani alaumiwe? Watafiti wamelipima jambo hili katika nchi nyingi. Tofauti za urefu wa maisha baina ya ng'ombe wa kundi moja hutokana na damu kwa kiasi cha kama sehemu moja kwa kumi, mara nyingi chini ya hapo. Kwa wingi wa maziwa damu huchangia kama tatu kwa kumi. Sehemu tisa zilizobaki za umri wa ng'ombe ni banda, majani, maji, kupe, mikono ya mkamuaji na maamuzi ya mwenye mali. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema ng'ombe wake kafa kwa sababu ya mbegu mbovu, katembelee kwanza banda lake. Ile sehemu moja nayo isidharauliwe, kwa sababu inarithiwa: ulichochagua leo, kizuri au kibaya, kitakuwa bandani kwa binti na kwa mjukuu.

Usinunue lita za mama peke yake. Ukienda kutafuta mtamba, muuzaji ataanza na lita. Msikilize, kisha muulize maswali matatu: mama yake amezaa mara ngapi, yuko wapi sasa, na kama hayupo, aliondoka kwa sababu gani? Mama aliyetoa lita 25 akafa uzao wa pili kwa ugonjwa wa kiwele si sifa kwa bintiye. Mama wa lita 14 aliyezaa mara saba bila kukosa mwaka ndiye wa kumnunulia binti, hata kama bei yake iko juu. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo hana kumbukumbu. Usimlipe bei ya mwenye kumbukumbu.

Msimamie kwa nyuma, umwangalie akisimama, halafu akitembea. Kazi hii haitaki haraka. Kiwele kizuri kimeshikwa juu kati ya mapaja, na chini yake hakipiti goti la nyuma. Mfereji unaokigawa kulia na kushoto uonekane wazi, kwa maana hapo ndipo penye kano inayokibeba. Mfereji ukiwa umefutika wakati ng'ombe bado ni kijana, kiwele hicho kitaning'inia akifika uzao wa tatu, kikanyagwe, kichafuke na kuugua. Chuchu zitazame chini. Chuchu zilizotawanyika kando hupigwa na mguu kila hatua. Kisha shuka kwenye kwato: zitakiwazo ni fupi, zenye kisigino kirefu na vidole visivyopishana. Magoti ya nyuma yanayogusana ni dosari, na mguu wa nyuma ulionyooka mno, usio na pindo gotini, hauvumilii sakafu ngumu. Akitembea, mguu wa nyuma ukanyage karibu na pale ulipotoka wa mbele. Akifupisha hatua au akipinda mgongo, rudisha pesa mfukoni. Maumbo haya hurithiwa kwa kiasi kikubwa kuliko umri wenyewe, na ndiyo yanayoubeba umri.

Usilete damu usiyoweza kuilisha. Friesian wa kilo 500 anahitaji kama kilo 15 za chakula kikavu kwa siku. Kwa majani ya tembo mabichi ni kilo 70 mpaka 100, kila siku, pamoja na siku za Septemba na Oktoba ambapo hata kandokando ya mto pamekauka. Kama huna shamba la majani, huna hei wala saileji, na mtoto ndiye anayetoka na panga baada ya shule, huyo si ng'ombe wako. Atakonda, atakosa kuja kwenye joto, kisha utasema ni mgumba. Chotara mwenye nusu au robo tatu ya damu ya kigeni, au Jersey wa kilo 350 hadi 400, atakutolea maziwa kwa miaka mingi pale ambapo Friesian halisi angekufa akikudai.

Hali ya hewa nayo ni chakula au ni njaa. Friesian mwenye maziwa mengi huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi, na unyevu wa pwani huzidisha taabu. Limuru, Njombe na Rungwe anapumua vizuri. Ukimpeleka Tanga mjini au Kilifi bila kivuli kirefu, hewa ipitayo na maji muda wote, umempunguzia miaka. Kwa mahali pa namna hiyo tafuta damu ya Sahiwal, iliyotoka Punjab na ikaendelezwa Naivasha, au ya Boran, au Mpwapwa, uzao uliotengenezwa kwa mikono yetu pale Mpwapwa, Dodoma, kwa ajili ya nchi kame. Usiwadharau kwa udogo wa ndoo. Wanaishi.

Usitekwe na picha ya dume. Fahali wawili wa Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief aliyezaliwa 1962 na Round Oak Rag Apple Elevation aliyezaliwa 1965, ndio mababa ambao karibu madume wote wa Holstein wa uhamilishaji nchini humo hurudi kwao kwa mstari wa kiume. Binti za Chief walikuwa na maziwa ya kushangaza. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba Chief alikuwa amebeba kasoro katika jeni iitwayo APAF1: kijusi kinachoirithi kwa baba na kwa mama hufa tumboni. Kwa makadirio ya watafiti, mimba zaidi ya nusu milioni duniani zilipotea kwa ajili ya kasoro hiyo, na kwa miaka mingi hakuna mfugaji aliyejua kwa nini ng'ombe wake karudi kwenye joto. Kasoro hiyo sasa inapimwa. Dunia nzima ilichagua ndoo, ikabeba na kilichokuwa nyuma ya ndoo.

Soma katalogi, au mwombe anayejua akusomee. Tangu 1994 Marekani hupima pia muda ambao binti za dume hukaa kundini wakikamuliwa, na kwenye mbegu zinazotoka huko kipimo hicho huandikwa PL, kwa miezi. Dume mwenye PL ya 4 binti zake wanatazamiwa kudumu miezi minne zaidi ya kiwango cha kulinganishia. Tazama pia SCS, inayohusu seli za ugonjwa ndani ya maziwa: ikiwa ndogo, kiwele kina afya. DPR inahusu binti kushika mimba. Iwe juu ya sifuri. Tazama wepesi wa kuzaa, tazama miguu na kiwele. Maziwa yaangalie mwisho. Na ukumbuke kwamba namba hizo zilipatikana kwa binti waliolishwa vizuri kwenye baridi. Dume mwenye binti waliopimwa Afrika Mashariki, kupitia kituo cha Kabete au cha Usa River, ana ushahidi ulio karibu nawe zaidi.

Mtamba wa kwanza mpe mbegu ya dume mwepesi wa kuzalisha, na chotara mdogo mpe Jersey. Ndama mkubwa anayevutwa kwa kamba na wanaume wanne huacha mama aliyechanika, na mama aliyechanika mara nyingi hapati mimba nyingine.

Usimkubali mhamilishaji asiye na mtungi wa naitrojeni. Mbegu hukaa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija uliosafirishwa ndani ya chupa ya chai umekufa njiani, na wewe utahesabu siku 21, kisha 21 nyingine, ukimlaumu ng'ombe.

Usiache dume la kijiji lipande binti zake. Ndama wa baba na binti ana robo nzima ya jeni zilizojirudia. Udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza: uhai mdogo, mimba kutoka, ugonjwa kuingia kirahisi. Hesabu ni rahisi. Dume likifika leo, ndama wake wa kwanza huzaliwa baada ya miezi tisa, na baada ya miezi 15 mingine huanza kuja kwenye joto. Kwa hiyo dume lisizidi miaka miwili kijijini. Libadilishaneni na kijiji cha mbali, si na jirani aliyechukua dume kwa ndugu yake. Na lipimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla halijapanda hata mara moja.

Anza kumtunza ng'ombe kabla hajazaliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifuatilia ndama ambao mama zao walikaa kwenye joto kali wiki za mwisho za mimba bila kupozwa. Binti hao walipokua walitoa maziwa machache kuliko wenzao, wakaondoka kundini mapema zaidi. Walikuwa hawajaliona jua, na tayari mazingira yalikuwa yamewagusa. Mama mwenye mimba ya miezi minane asifungwe juani kwa sababu eti hakamuliwi.

Mpe ndama maziwa ya dang'a ndani ya saa sita. Ndama huzaliwa karibu bila kinga mwilini. Kinga iko kwenye dang'a, na utumbo wake unaipokea kwa saa chache tu. Ikifika saa 24 mlango umefungwa. Lita tatu hadi nne kwa ndama wa Friesian, mapema. Usimwage dang'a, usiwape mbwa, usingoje mpaka kondo litoke. Kitovu kichovye kwenye ayodini. Kisha umnyonyeshe kwa ndoo maziwa halisi, si maji yaliyopakwa rangi, mpaka ameanza kula majani na pumba za kumtosha. Ndama aliyedumaa kwa kunyimwa lita mbili za kuuza hatalipa lita hizo maisha yake yote.

Usimpandishe mtamba kwa umri. Mpandishe kwa uzito. Friesian afike kilo 300 na kitu, Jersey kilo 230 hivi. Tumia utepe wa kupimia kifua, unapatikana kwa wataalamu. Lengo ni azae akiwa na miezi 24 hadi 27. Anayezaa akiwa na miaka mitatu na nusu alinyimwa chakula, na anayezaa akiwa kitoto huvunjika.

Kagua masikio kila siku. Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo wanapofia wengi kuliko penginepo.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Kimelea chake, Theileria parva, hakiingii mwilini mara kupe anapouma. Kupe akishashika, kimelea huhitaji siku tatu au nne kukomaa kwenye mate yake ndipo kimwagwe kwenye damu. Elewa maana yake: kupe uliyemtoa leo, aliyeshika jana, hajafanya kitu. Ndiyo sababu kwenye maeneo ya ndigana kuogesha mara moja kwa wiki hakutoshi. Ni mara mbili, na mikono yako iingie masikioni kila jioni. Sikio lipinde, tazama ndani kwenye mikunjo na nywele, kisha chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele. Kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ulezi, usimtafute kwa macho peke yake.

Usipunguze dawa ili ifike mwisho wa mwezi. Dawa hafifu haiui kupe wote, inawaacha wagumu wazaane. Ukishaona kupe wanatembea siku ya pili baada ya kuogesha kwa kipimo sahihi, mwone mtaalamu akubadilishie aina ya dawa, si jina la chupa. Na majani yaliyokatwa kando ya njia wanakopita ng'ombe wa kuchunga usiyaingize bandani mabichi siku hiyohiyo; yaanike. Wengi wanaofuga ndani husema ng'ombe wao hatoki, basi kupe atatoka wapi? Anatoka kwenye mzigo uliobebwa kichwani.

Jifunze kushika tezi. Chini ya sikio, na mbele ya bega, kuna tezi ambayo kwa ng'ombe mzima huipapasi kwa urahisi. Siku ya kwanza ya ndigana tezi iliyo karibu na sikio lenye kupe huvimba, ikawa ngumu, ukiishika inateleza chini ya ngozi. Ng'ombe bado anakula. Weka kipimajoto: mzima ni 38.5 hivi, huyu ni 40 au zaidi. Hiyo ndiyo siku ya kumwita daktari, kwa sababu dawa ya ndigana ina nguvu mapema. Ukingoja mpaka aanze kuhema na povu kutoka puani, mapafu yamejaa maji, na sindano ya bei ghali haitamwamsha.

Chanja. Chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970 hutolewa mara moja pamoja na dawa ya kuzuia ugonjwa usizidi, na ndama wa mwezi mmoja anaweza kuipata. Kinga yake hudumu miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Aliyechanjwa bado aogeshwe, kwa kuwa ndigana baridi na kukojoa damu havimo kwenye chanjo hiyo. Chanjo za kimeta, chambavu, mapele ngozi na ugonjwa wa miguu na midomo zifuate kalenda ya afisa mifugo wa kata. Usizikimbie kwa kuhofia maziwa kupungua siku mbili.

Piga goti bandani. Ingia pale ng'ombe anapolala, piga magoti yote mawili, hesabu mpaka 20, uinuke. Magoti yamelowa? Yanauma? Basi na yeye hivyo hivyo. Ng'ombe anahitaji kulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Akilala, damu huzunguka vizuri zaidi kwenye kiwele na kwato hupumzika. Akinyimwa malazi husimama kwenye kinyesi, ukwato unalainika, kisigino kinaoza, anachechemea, anakula kidogo, anakonda, haji kwenye joto. Mwisho wake ni buchani, na kwenye daftari ataandikwa mgumba ilhali aliuawa na sakafu.

Chumba cha kulalia kiwe na urefu wa futi saba na upana wa futi nne kwa Friesian, kikavu, chenye maranda, mchanga au nyasi kavu, kiinuke kidogo kuelekea kichwani. Njia ya kutembelea iwe saruji iliyochorwa mistari, isiwe laini. Kinyesi kiondolewe mara mbili kwa siku. Kwato zikatwe kila miezi sita na mtu aliyefundishwa. Usimwachie kijana mwenye panga.

Usimpimie maji. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87. Ng'ombe wa lita 15 au 20 hunywa lita 60 hadi 100, zaidi kwenye joto. Ndoo mbili za asubuhi na jioni ni adhabu. Maji yawe mbele yake muda wote, na wewe ungeweza kuyanywa.

Usibadilishe chakula ghafla, na usimmwagie pumba bila majani. Wanga mwingi kwa mpigo hulichachusha tumbo, na tumbo likichachuka kwato huvimba ndani wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasahau siku ya gunia jipya. Pumba na mashudu vigawe mara mbili au tatu, majani yatangulie. Mahindi yenye ukungu usimpe, hata kama uliyanunua; sumukuvu huharibu ini lake na hupita kwenye maziwa ya watoto wako. Chumvi ya madini iwepo daima. Misumari, waya na mifuko ya plastiki viokotwe kwenye majani kabla ya kukatakata: msumari mmoja ukitoboa tumbo la pili hufika kwenye moyo.

Kamua kwa kiganja kikavu na macho yaliyo wazi. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ipige kwenye kikombe cheusi. Tazama: mabonge, nyuzi, majimaji kama ya mtindi uliojitenga? Huyo mkamue mwisho, na maziwa yake yasiingie koponi. Osha, kausha kwa kitambaa chake mwenyewe. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wanne ni kusambaza ugonjwa kwa mpangilio. Usivute chuchu kwa vidole viwili, kamua kwa kiganja kizima. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, umwekee majani asimame: tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi, na akilala mara moja kwenye kinyesi umefanya kazi bure. Antibiotiki ukiianza, maliza dozi, na maziwa yamwage mpaka siku zilizoandikwa ziishe.

Mkaushe siku 60 kabla ya kuzaa. Anayekamua mpaka ng'ombe anakaribia kuzaa amekopa lita mbili za leo kwa riba ya lita nyingi za kesho, na kiwele hakikupata muda wa kujijenga upya. Siku ya kumkausha, kila chuchu iwekewe dawa ya kukaushia, kisha asiguswe. Wakati huo usimnenepeshe kupita kiasi, na usimpe madini yenye kalsiamu nyingi. Mwili uliozoea kupewa husahau kuchota kwenye mifupa, na akizaa hulala chini kwa homa ya maziwa, baridi masikioni, shingo imepindia ubavuni. Hutokea zaidi kuanzia uzao wa tatu, na Jersey wako hatarini zaidi: yaani humpiga yule yule aliyeanza kukulipa. Daktari aje saa hiyo hiyo. Kalsiamu ya mshipani huingizwa polepole na mjuzi, kwani ikikimbizwa husimamisha moyo.

Fuatilia joto lake kama unavyofuatilia ada ya shule. Baada ya kuzaa kizazi huhitaji wiki sita kurudi mahali pake. Kuanzia siku ya 60 awe tayari kupandishwa. Mchunguze alfajiri na jioni, dakika 20 kila mara, akiwa hali wala hakamuliwi. Dalili ya kuaminika ni kusimama akipandwa na mwenzake. Anayefuga mmoja aangalie ute unaoning'inia, kulia ovyo na maziwa kupungua ghafla. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, kesho asubuhi. Akirudi mara tatu, usiite mhamilishaji wa nne. Ita daktari, na umtazame mbavu: ng'ombe aliyekonda sana baada ya kuzaa hufunga uzazi ili aishi.

Usimwondoe kwa hasira, na usimhamishie jirani tatizo. Dalali huja siku ambayo ng'ombe amekupiga teke, ana pesa mkononi. Mwambie arudi baada ya wiki. Ng'ombe wa uzao wa tano aliyepungua lita mbili bado anamshinda mtamba usiyemjua. Lakini aliyethibitika kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba asiuzwe mnadani kama mtamba mwema. Muulize afisa mifugo utaratibu, na maziwa yachemshwe.

Andika, hata siku anapoondoka. Daftari la shule linatosha. Tarehe ya kuzaliwa, mama, jina na namba ya dume kama ilivyo kwenye mrija, kila tarehe ya kupandishwa na kuzaa, kila ugonjwa, kila dawa. Akifa au akiuzwa, usiandike "ameondoka". Andika sababu: kiwele, miguu, ndigana, kutoshika mimba, njaa ya mwaka wa ukame. Kisha fungua kurasa za binti zake, uandike sababu hiyo hiyo juu kabisa. Atakayekuja kuwanunua mwonyeshe ukurasa huo kabla hajataja bei, na mhamilishaji akija kuwapandisha, mwonyeshe kabla hajafungua mtungi.